Baba, Simu Ile Nilijibu Mimi

Baba mkwe wangu mpendwa,

Ninakuandikia nikiwa jikoni kwako, mlango nimeurudisha, na mwanao Kombo anadhani nahangaika na moto. Leo baada ya sala ya Ijumaa watakuja watu hapa nyumbani. Atakuja sheha, mkuu wa mtaa wetu, atakuja nduguyo Faki, na ameitwa Bi Zuwena, yule nesi wa hospitali aliyekutia mpira wa mkojo. Wanataka kumuuliza kwa nini alikutelekeza na mpira ule bila ya kuubadilisha, mpaka ukakutia maradhi ya kukuua. Kombo na baba mdogo Faki wameshaandika barua ya kutaka aondolewe kazini. Nimeiona juu ya kabati, inangoja saini ya sheha tu. Na mie ndiye pekee hapa ninayejua kuwa Bi Zuwena hakukutelekeza. Alikupigia simu mara tatu. Simu ilikuwa yangu, na aliyejibu ni mie.

Unaikumbuka siku tuliyokupeleka? Mkojo ulikuwa umekuziba, tumbo limekaza, na ndani ya gari njia nzima ya Mtambile ulikuwa unasoma kimoyomoyo, midomo tu ndiyo inayocheza, hutaki mtu akuguse. Bi Zuwena akakutia mpira, ukapumua, na rangi ikakurudi usoni. Akatueleza kuwa tezi dume imekua na inabana njia. Dawa yake ni upasuaji, lakini daktari bingwa wa maradhi hayo hakai Pemba, huja kutoka Unguja kwa zamu, na zamu zenyewe hazitabiriki. Mpaka aje, utakaa na mpira na mfuko wake, na mpira lazima ubadilishwe kila baada ya wiki chache.

Kisha akatoa karatasi zake za utafiti. Alisema wanawafuatilia wagonjwa wa mkojo wakishatoka hospitali, wapate kujua nani anapona, nani anaharibikiwa, na kwa nini. Alisema wahudumu wa kazi hii hawatoshi, hata mwenzake aliyesoma naye kahamia Bara, na huku kwetu kabaki peke yake. Pengine majibu ya wagonjwa yatawafanya wakubwa waongeze watu. Akataka namba ya simu. Kombo alikuwa kwenye dirisha la dawa. Wewe ukanielekeza kwa kidevu, ukasema, "Andika ya mkaza mwanangu." Nilifurahi, Baba. Katika nyumba yenye watoto wa kiume wanne, ulichagua namba yangu mie.

Simu ya kwanza ilitukuta uani tunachambua karafuu, wewe unanitania kuwa mikono yangu ni ya skuli, inaogopa vikonyo. Bi Zuwena akauliza mkojo unatoka vipi, una rangi gani, una maumivu, una homa. Niliziba simu kwa kiganja nikakutazama. Mie nikuulize wewe, baba wa mume wangu, habari ya mkojo wako? Hata neno lenyewe sijapata kulitamka mbele yako. Nikakuuliza, "Baba, hujambo?" Ukasema, "Sijambo mwanangu, alhamdulillahi." Nikamwambia nesi mkojo unatoka vizuri, rangi yake ya kawaida, maumivu hana, homa hana. Yote nilijibu kwa salamu moja.

Siku ile naweza kujidanganya kuwa sikujua. Simu ya pili sina pa kujificha. Ulikuwa umeanza kufua mashuka yako mwenyewe, asubuhi mapema, na kuyaanika nyuma ya banda la mbuzi, wewe ambaye hujapata kushika sabuni tangu niolewe na mwanao. Nilipita pale nikasikia harufu. Nilijua kuwa mpira unavuja, na siku za kuubadilisha zimepita. Nikakwambia kwa mbali, "Baba, pengine tungekwenda hospitali mara moja." Ukaniuliza, "Kuna mwanamume sasa huko?" Nikasema hakuna, ni Bi Zuwena yule yule. Ukasema, "Basi." Ukafunga mdomo, na mie nikafunga wangu. Mtoto wa kike wa rika langu akuguse mara ya pili! Mara ya kwanza ulikuwa unakufa, hukuwa na hiari. Nilikuelewa, ndiyo maana sikukuchongea. Nesi alipopiga nikasema anaendelea vizuri, mpira tumeubadilisha kwengine.

Ya tatu ulikuwa umejifunika blanketi mbili mchana wa jua kali, meno yanagongana. Niliulizwa una homa, nikasema ni mafua tu. Nilikuwa na hofu. Nikisema kweli, ataniuliza na yale ya nyuma. Nilijificha mie, Baba, sikuwa nakusitiri wewe. Siku ya nne yake tulikuzika.

Sasa Kombo hali chakula vizuri, anasema kila saa, "Baba kauliwa na uzembe wa watu." Na mie namtilia chai, nanyamaza. Nikisema, ataniangalia vipi? Nikinyamaza, mtu aliyefanya kazi yake ataondoka, na wazee wengine wenye mipira hawatakuwa hata na huyo mwanamke mmoja. Tangu alfajiri nimeshaamua kusema mara mbili, na mara mbili nimeghairi. Wanaita mlangoni. Naiacha barua yangu hapa.

Naendelea, ni Jumamosi asubuhi.

Walikaa baraza ya ndani, mie nyuma ya pazia na sinia ya kahawa. Baba mdogo Faki ndiye aliyesema zaidi. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, anainuka, anakaa, jasho linamtoka, kahawa hakuigusa. Nikadhani ni hasira. Akasema, "Mgonjwa mmeandika namba yake, na hakuna aliyempigia hata siku moja."

Bi Zuwena akajibu taratibu, "Nilipiga mara tatu, mzee wangu."

"Alipokea nani?"

"Hilo siwezi kulisema. Majibu ya utafiti ni siri, tuliwaahidi hivyo."

Baba mdogo akacheka cheko la ubaya. "Mnamsikia? Sheha, tia saini."

Bi Zuwena hakutazama upande wa pazia hata kidogo. Alikuwa anajua kuwa nimo. Sauti yangu anaijua. Alikuwa tayari kuondoka kwa aibu kwa ajili ya neno alilotuahidi mie na wewe, na sheha keshafungua kalamu. Sijui miguu yangu ilinitoaje pale. Nikasimama katikati yao na sinia mkononi nikasema, "Nilipokea mie. Zote tatu. Nikasema uongo."

Nikaeleza kila kitu, mashuka, mafua, yote. Kombo akaniuliza neno moja, "Ulijua?" Nikamwambia nilijua tangu simu ya pili. Akainuka akatoka uani, hakunipiga, hakunitukana, na ningependa angalau angenitukana. Baba mdogo akanielekezea kidole, "Wewe umemuua kaka yangu." Nami nimejiambia hivyo siku zote hizi. Akaondoka anapepesuka. Sheha akaifunga kalamu yake, akaikunja barua, akaitia mfukoni.

Bi Zuwena alinikuta jikoni kuniaga. Akasema karatasi zako atazisahihisha, na itaandikwa kilichotokea kweli. Halafu akasema, "Unajua nina karatasi ngapi zilizoandikwa kuwa mgonjwa hajambo, na aliyejibu ni mke au mkaza mwana? Mie nilidhani najua wagonjwa wangu." Alikuwa na hasira, na nadhani nyengine ilikuwa ya nafsi yake. Akaenda kutafuta gari.

Adhana ya alasiri haijamalizika, mlango wa jikoni ukasukumwa. Ni baba mdogo Faki, amejishika kwenye mwimo, uso umemparara. Nikarudi nyuma, nikadhani kaja kumaliza maneno yake. Akageuza uso ukutani, akasema, "Mwanangu, yule nesi kafika wapi?"

"Kuna nini, baba mdogo?"

Nikamwona mkono wake mwengine umeshika chini ya kitovu.

"Sijakojoa tangu alfajiri," akauambia ukuta. "Na siku nyingi hutoka matone tu."

Tangu alfajiri, Baba. Alikaa kwenye kile kiti, anamhukumu yule mwanamke, na huku anapasuka. Kombo alikuwa amesimama uani nyuma yake, kasikia. Nikaichukua simu mbele yao wote wawili nikampigia Bi Zuwena. Alikuwa hajavuka Mtambile. Akaanza kuuliza, na safari hii sikuziba simu. Nikamgeukia baba mdogo, nikamuuliza kama nilivyoulizwa, kwa neno lake, "Unahisi mkojo lakini hautoki? Tumbo limevimba? Umeona damu? Una homa?" Mara ya kwanza ulimi ulinishinda, nikarudia. Akajibu yote, machozi yanamtiririka, na mie nikampelekea nesi kila neno kama lilivyo. Kombo akaja akamshika mkono baba yake mdogo, asianguke. Nikamsikia Bi Zuwena anamwambia dereva ageuze gari.

Yuko wodini sasa, kawekewa mpira, amelala. Kombo yuko naye. Mie bado hajanisemesha, na sijui atanisemesha lini. Leo nitakwenda huko na uji. Nikimkuta mlangoni nitamwambia mpira ule ubadilishwe lini, anisikilize au asinisikilize.

Lakini neno lililonikalisha hapa kukuandikia tena ni moja. Nimelihesabu tangu jana na halinitoki. Maswali yalikuwa manne tu, Baba. Kuyauliza na kuyajibu hakukuchukua hata dakika mbili.

Niwie radhi huko uliko, na Mola akufanyie wepesi niliokunyima mie.

Mkaza mwanao,
Mwanaisha