Mashahidi wa Visiki

Mwanaidi, yamekubaliwa! Maandishi ya Athumani wangu yamekubaliwa Ulaya, kwenye gazeti la wanachuoni wa miti, na chini ya ukurasa litapigwa chapa jina lake: Athumani bin Hamisi, karani. Nimelitanguliza hili kwa sababu ningeanza na salamu kifua kingenipasuka.

Sasa nakusalimu, mdogo wangu. U hali gani wewe na wanao? Yule mdogo surua imemwacha, au bado anakohoa? Mnakula nini huko Ruaruke? Nasikia toka Bungu mpaka kwenu maghala yametiwa moto na watu wazima wanachimba ming'oko, ile mizizi ya porini, kama nguruwe. Sisi huku visiwani hatujambo. Samaki wapo, mchele unashuka melini, nami nakaanga vitumbua nawauzia askari na wake zao. Mwili mzima isipokuwa goti, lile la kushoto unalolijua. Barua hii namkabidhi Mama Pili, muuza chumvi, maana wanawake wa chumvi bado wanapishwa njiani. Nimeiandika kwa herufi za Kiarabu alizotufundisha baba chuoni ili Wadachi wasiisome. Isome peke yako kwanza, uketi chini, ndipo uamue wa kumsomea.

Nikueleze hilo gazeti ni kitu gani, maana huko watu watadhani ni zile karatasi za matangazo zinazobandikwa bomani. Sivyo. Hili husomwa na wanachuoni wa misitu peke yao, na mtu haingizi neno lake humo kwa kutaka. Bwana Miti, yule Mdachi anayesimamia mikoko yote ya huku, na Athumani ndiye karani wake, waliandika habari za visiki. Jambo lenyewe ni hili: mchu, jamaa ya mkoko, ukikatwa huchipua, lakini mkoko wenyewe ukikatwa hauchipui, kisiki chake huozea topeni. Utacheka. Utasema hilo hata mtoto wa kubeba magome analijua. Lakini Ulaya, mdogo wangu, jambo halijulikani mpaka lipigwe chapa.

Na sitaki kumdhulumu mtu. Neno hilo Athumani alilipata kwa mumeo. Salumu ndiye aliyemwingiza topeni siku za mwanzo, mwanangu na viatu vyake vya ukarani, akagonga kisiki kwa mgongo wa panga na kumwambia, "Huu umekufa, mwanangu. Rudi mwaka ujao utaukuta umekufa zaidi." Athumani alirudi nyumbani na kiatu kimoja, anacheka.

Basi maandishi yakapanda meli. Mwenye gazeti akiyapata hayapigi chapa. Huyatoa kwa mabwana wawili wanaojua miti, kila mmoja kwake, huyu hamjui yule, na mwandishi haambiwi majina yao. Wao husoma neno kwa neno, kisha hurudisha maswali, kila swali na namba yake, na kila jibu lazima lirudi na namba ile ile. Wanafanya bure, ati! Halipwi anayeandika, halipwi anayesoma. Athumani akanambia, "Mama, ni kama mtihani ambao mwalimu amejifunika shuka." Mwanangu ana maneno huyu.

Msomaji wa kwanza alikuwa mtu mpole, akasifu. Wa pili alikuwa mkali. Aliuliza: nani aliyeviona visiki hivi? Macho ya mtumishi mmoja si ushahidi. Athumani akaja nyumbani hataki kula. Mumeo alikuwepo siku hiyo, ananoa panga kizingitini, akamuuliza, "Huyo msomaji wako amewahi kuzama tope mpaka hapa?" akajishika kiuno. "Hajawahi, baba mdogo." "Basi mwambie aje, nitamkopesha panga."

Tukacheka. Halafu, Mwanaidi, mdomo wangu ukafunguka. Nikasema, "Kwani sisi hatuna kadhi? Mtu akikataliwa neno lake huleta mashahidi. Shahidi hutajwa jina, na la babake, na anapokaa, na siku aliyoona. Waandike wakataji wote arobaini, kila mmoja na kisiki chake. Siku aliyofika andika amefika, na siku asiyofika andika hakufika, wasije wakasema tunajaza." Ndivyo nilivyosema, mimi binti wa mwalimu. Athumani akampelekea Bwana Miti, naye akapiga meza kwa kufurahi akasema mama yako angefaa kuwa mwanachuoni. Neno hilo nililitembeza kisiwa kizima. Nilimwambia hata mtu asiyeniuliza.

Daftari likaanza kuandikwa. Kila maji yakipwa Athumani alikuwa topeni anaita majina. Kisha katika mwezi ule wa kiangazi watu kumi na mmoja hawakuonekana siku nane mfululizo, mumeo mmojawapo. Mimi na wewe tunajua walikokwenda. Walikwenda milimani kunywa maji ya dawa, risasi ziwageukie maji. Athumani naye alijua. Akaandika hakufika, hakufika, siku zote nane, watu wote kumi na mmoja. Nilimuuliza baadaye kwa nini, akanijibu, "Wewe ndiye uliyesema tusijaze."

Vita vikaja. Mkubwa wa askari akashuka hapa kisiwani anatafuta nani alipanda milimani, na hakuna aliyefumbua kinywa, hata watoto. Siku mbili hakupata kitu. Siku ya tatu akaenda kunywa kahawa kwa Bwana Miti, akaliona daftari mezani. Hakumpiga mtu, hakumuuliza mtu. Alilifungua tu, akapitisha kidole kwenye kila hakufika. Sita wakakamatwa saa ile ile kwenye banda la kukaushia magome, wakatundikwa kwenye boriti za banda hilo hilo, boriti walizozikata kwa mikono yao. Nilikuwa nimesimama na sinia langu la vitumbua. Miguu yao ilikuwa bado na tope bichi, Mwanaidi, na lilikuwa likidondoka. Watano wakakimbia, Salumu mmoja wao. Jioni Bwana Miti alilipangusa daftari lake, akamwamuru Athumani aandike mbele ya majina yale sita: amekufa. Athumani akaandika. Mwandiko wake nimeuona, umenyooka. Ana mwandiko mzuri kuliko karani yeyote wa pwani hii.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Meli ya juzi imeleta jibu. Mwenye gazeti ameyakubali, msomaji wa kwanza ameyakubali, na yule wa pili ameyakubali kwa sharti. Anasema majina arobaini ni mazuri, lakini karani anaweza kubuni majina arobaini akiwa amekaa kivulini. Anataka picha. Kila shahidi asimame kando ya kisiki chake, na namba, aonekane uso. Picha ikifika wanapiga chapa. Bwana Miti analo sanduku la picha, hilo halikumsumbua. Athumani akamwambia, "Bwana, watano hawapo. Tusimamishe watu wengine mahali pao. Ulaya hawazijui sura za watu wa huku."

Bwana Miti akampiga kwa daftari usoni. "Unataka nilidanganye gazeti?"

"Na wale sita, Bwana?"

"Wale tutaandika wamekufa. Hiyo ni kweli."

Mkubwa wa askari alikuwa hapo hapo anavuta kiko chake. Akasema neno moja, na Athumani kaniletea kama lilivyo: pasipofika shahidi mwenyewe, karani atasimama mahali pake, maana ama alimbuni ama anamficha, na yote mawili malipo yake ni mamoja.

Wanne wamekwisha patikana. Wawili walikamatwa Ikwiriri wakiomba mpunga, wawili wamejileta wenyewe kwa njaa. Wako kwenye mnyororo nyuma ya boma, na wanalishwa vizuri ili picha ipendeze. Mimi ndiye ninayewakaangia. Mmoja kaniambia, "Dada, vitumbua vyako havina sukari," nikamwambia na wewe huna haya, tukacheka wote, kisha nikaenda kulia nyuma ya tanuri la chokaa.

Amebaki mumeo.

Imepigwa mbiu kwamba atakayekuja kwenye picha hatadhuriwa. Sikufichi, mdogo wangu, sijawahi kukuficha kitu: si kweli. Mke wa ombasha, mteja wangu wa kila asubuhi, kaniambia kamba mpya zimeshuka melini. Ni tano. Wanne nimeshakutajia. Ya tano itamchukua mmoja kati ya wawili, na wote wawili ni wetu.

Mumeo namjua alipo. Yuko kwenye kichaka cha nyuma ya shamba la marehemu baba, na wewe unampelekea ming'oko ndani ya kikapu cha ukili. Ningemwambia askari neno hilo, wangekuja wote na viberiti, na wanao wangekuwa ndani ya nyumba. Sikumwambia mtu na sitamwambia. Kwa hiyo nakuomba wewe. Mlete Salumu.

Tukana, nimekaa nasubiri matusi yako. Lakini nisikilize. Wewe una miaka thelathini, meno yote kinywani, na kiuno wanachokisifu mpaka Bungu. Eda itakwisha na utaolewa. Mimi nilizaa wanne, watatu wewe mwenyewe ulinisaidia kuwaosha. Aliyebaki ni huyu, na huyu amefika ambapo hapana mtoto wa ukoo wetu aliyefika. Mumeo alikwenda milimani kwa miguu yake, akanywa, akajua anachokinywa. Mwanangu hakunywa kitu. Aliandika tu, tena aliandika alichoambiwa na mamake. Wanao nitawachukua, nitawalisha vitumbua mpaka wachoke, na Athumani atawafundisha herufi za Kizungu wawe makarani. Sura ya baba yao itakaa Ulaya ndani ya gazeti, kando ya kisiki namba kumi na saba, wasome watu wa mbali kwamba alikuwepo na alisema kweli. Wale sita hawakupata hata hilo.

Athumani hajui kwamba naandika. Alinambia, "Mama, baba mdogo asiitwe. Nitasimama mimi." Akanikunjia ile kanzu yake ya Idi akanipa niihifadhi, kama mtu anayesafiri. Nimeirudisha sandukuni. Ataivaa siku gazeti litakapofika.

Mwambie Salumu maneno haya kama nilivyoyaandika, usimpunguzie wala usimpambie. Mbiu ile usimtajie kabisa, asije akaja kwa kudanganywa. Namjua. Ukimwambia kweli hukuna goti, kisha huinuka. Mwambie ni mimi niliyesema mashahidi waandikwe. Mwambie simwombi msamaha kwa sasa, maana nikiomba msamaha mkono utashindwa kuandika yaliyobaki.

Mnisalimie shangazi yetu wa Bungu anayesuka mikeka, mwambieni ule mwekundu ndio niliolalia mpaka leo. Mnisalimie mjane wa mwalimu aliyekuwa akitupa maji ya kuoshea vibao vyetu vya chuo. Mnisalimie mkunga aliyempokea Athumani, aliyesema kichwa hiki kikubwa kitakuja kuwa na kitu ndani. Mwambie kimekuwa nacho, na Ulaya wamekiri. Wabusu wanao, mmoja mmoja, na yule mdogo mara mbili.

Ukinijibu usimpe mtu mwingine ila Mama Pili. Na usiponijibu nitakuwa nimeelewa, nami nitabaki dadako vile vile, maana hilo halina mtu wa kulikagua. Nguo nyeupe ya sanda uliyonipa nikuwekee ninayo bado, imefuliwa, inamtosha yeyote kati ya hao wawili wetu.

Ni mimi, dada yako uliyenyonya ziwa moja naye, Tatu binti Mwalimu Omari.

Picha ni Jumatatu, maji yakishakupwa. Mashahidi wote wanangojewa.