Lita Tatu na Nusu za Jumamosi

Chang'ombe,
Dodoma.
Jumapili, 17 Novemba 2024

Mpendwa Baba mkubwa Nathanaeli,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima huko Mtwara, wewe pamoja na Mama mkubwa Priska. Mgongo unaendeleaje? Baba alituambia ulilala kitandani siku tatu, na tulikukumbuka kwenye sala za jioni. Najua msimu huu wa korosho ofisi yenu haipumziki, kwa hiyo niwie radhi kwa kukuletea kurasa nyingi.

Sisi hatujambo, ila tumechoka. Mvua haijaanza, na mchana mabati yanalia kwa joto. Mama anarudi kazini miguu imevimba. Baba juzi alisinzia mezani akiwa ameshika kijiko. Mimi nimo kwenye mitihani ya kumaliza kidato cha tatu. Mwenye nguvu hapa nyumbani ni mdogo wangu Anitha peke yake, na nguvu hizo anazimalizia kwenye kupiga kelele.

Bibi si mzima sana. Jumatano iliyopita hakwenda kusafishwa damu. Baba alifika Mvumi alfajiri kwa daladala, maana gari hulala huko kwa Bibi, akamkuta amekaa kitandani, amevaa, ameshika mkoba, lakini hataki kutoka. Akasema hapandi gari hilo mpaka arudi dereva wake, kaka Sila. Baba alimbembeleza saa nzima na mwisho akaenda kazini peke yake, amechelewa. Jana Jumamosi Bibi alikubali, kwa sababu kaka Sila alikaa naye kiti cha nyuma njia nzima. Alikuwa amevimba uso. Nesi alimuuliza Baba kwa ukali kwa nini wameruka siku.

Ndiyo maana nakuandikia. Ni kuhusu gari na kuhusu kaka Sila. Ningekupigia simu, lakini unanijua, kwenye simu naishia kusema "ndiyo, Baba mkubwa" mpaka salio linakwisha. Baba naye amekataa kunisemea. Alisema, "Mwandikie mwenyewe. Nikimwambia mimi, atasema namtetea mtoto wa dada yangu." Atazipiga picha kurasa hizi na kukutumia leo hii kwenye namba yako, si kwenye kundi la familia. Karatasi zenyewe zitakuja na mtu.

Kwanza nikueleze gari lilivyo, maana ulilinunua kwa wakala na hujawahi kulipanda. Ni dogo kweli. Anitha analiita Kiberiti. Injini ni ya lita moja, silinda tatu, na likisimama kwenye foleni usukani unatetemeka. Vioo vya mbele vinashuka kwa kitufe, vya nyuma vinazungushwa kwa mkono. Buti linameza begi la Bibi na dumu moja la lita tano, basi. Hilo dumu aliloliona mtu akakuletea habari ni la maji ya rejeta. Nimelifungua na kunusa mwenyewe. Kwenye dashibodi kuna taa ndogo ya kijani inayowaka dereva akikanyaga mafuta taratibu. Kaka Sila alikuwa anashindana na taa hiyo isizimike kuanzia Mvumi mpaka mjini, na Bibi alikuwa hakimu wake.

Wewe ulihesabu hivi: karatasi ya gari inasema kilomita ishirini na mbili kwa lita moja. Picha za dashibodi alizokutumia kaka Sila zilionyesha kilomita mia na sitini na sita kwa wiki, kwa safari mbili za kwenda na kurudi. Kwa hiyo ulituma mafuta ya lita tisa, ukidhani umezidisha. Kaka Sila akawa anamaliza lita kumi na sita na kuomba nyongeza. Mwezi uliopita ukaandika kwenye kundi kwamba anauza mafuta kwa vijana wa bodaboda, na ukaagiza funguo zirudi kwa Baba.

Hesabu yako ni sahihi, Baba mkubwa. Niliirudia mara tatu. Ila namba zilizoingia kwenye hesabu si sahihi zote.

Hiyo ishirini na mbili ilipimwa kwa mashine, magurudumu yakizunguka ndani ya jengo, hakuna Bibi wala begi, hakuna kiyoyozi wala makorongo ya barabara ya vumbi ambako gari linakwenda kwa gia ya pili. Hakuna mtu aliyekudanganya. Ni kipimo cha kulinganisha gari na gari, si cha barabara yetu.

La pili linamhusu Baba, na ameniruhusu kulisema. Mwezi Julai tumbo la gari lilikuwa linakwaruza mawe kila safari. Baba akalipeleka kwa fundi Majengo, wakaliinua kidogo na kuweka tairi kubwa zaidi. Hakukwambia kwa sababu ulikuwa umesema lisiguswe. Sasa tairi kubwa ikizunguka mara moja inakwenda mbali zaidi, lakini mita ya dashibodi inahesabu mizunguko kana kwamba tairi ni ile ndogo. Niliwaza hilo darasani, kwenye kipindi cha hesabu za duara, na sikusikia tena mwalimu alisema nini.

Jumapili iliyopita baada ya ibada tulilichukua gari kwa Bibi, tukaenda barabara ya Morogoro kujaribu. Pale kuna nguzo za kilomita. Mimi nilishika daftari, Anitha akahesabu nguzo kwa sauti.

"Sita! Saba! Mbuzi! Nane!"

"Mbuzi si nguzo," Baba akamwambia.

"Sasa mmenipotezea hesabu. Turudi!"

Tulirudi kweli. Nguzo kumi kutoka ile tuliyoanzia, mita ikaandika kilomita tisa na pointi mbili. Kwa hiyo zile mia na sitini na sita za kila wiki ni mia na themanini barabarani. Baba alizima gari pembeni, akasema, "Na mimi niliona picha zile, nikanyamaza."

Tangu funguo ziwe kwa Baba tumejaza tenki mara mbili hadi pampu ikakata yenyewe, mimi nikiwa nimesimama pale sheli na kalamu. Mara zote mbili ilikuwa lita kumi na mbili na nusu kwa wiki. Ni kama kilomita kumi na nne kwa lita. Kwa kagari kadogo, kwenye barabara kama yetu, Mwalimu Ludovick wa fizikia anasema hiyo ni kawaida kabisa.

Hapa ndipo penye jambo linaloninyima raha. Ulipoona kumi na mbili na nusu uliandika kwenye kundi: "Mmeona? Sila katoka, mafuta yamepungua. Sasa mtu aniambie zile lita tatu na nusu zilikuwa zinaenda wapi." Watu wakaandika "kweli kabisa".

Mimi niliamini kwamba umeshinda. Nilikaa siku nne nikiamini kwamba kaka Sila, anayemwosha Bibi miguu, anaiba mafuta ya Bibi. Alipokuja nyumbani, nilimpita bila kumtazama usoni.

Baba mkubwa, lita hizo nilizimaliza mimi.

Kila Jumamosi nilikuwa nakwenda hospitalini kumpokea Bibi. Wakishamuunganisha na mashine, ndugu tunatolewa nje kwa saa nne. Mabenchi ya nje yanajaa, na watu huuliza maswali: wewe wa nani, bibi yako alianza lini, mnatoa wapi pesa. Mimi siwezi maswali hayo. Nyumbani nako hakusomeki Jumamosi, kwa sababu jirani anachomelea mageti kutwa nzima. Basi nilikuwa namwomba kaka Sila funguo. Yeye alikwenda kucheza drafti na madereva wengine, mimi nilifunga vioo, nikawasha injini, nikawasha kiyoyozi, nikasoma. Ni saa nne ambazo nilikuwa nazingojea wiki nzima. Baba akiendesha hufunga gari, hutia funguo mfukoni, na kusinzia kwenye benchi. Sikuweza kumwomba.

Nilikuwa sijui. Naona aibu kuandika hivi, kwa sababu mimi ndiye ninayesifiwa kusoma. Lakini kila mahali ilikuwa imeandikwa kilomita kwa lita, kilomita kwa lita, nami nikajiambia: gari limesimama, kilomita ni sifuri, basi na lita ni sifuri. Sikuwaza zaidi ya hapo. Hata nilipokuwa naandika daftari langu la mafuta, sikuliandika.

Alhamisi nilimngoja Mwalimu Ludovick baada ya kipindi, nikamuuliza kuhusu zile lita tatu na nusu zilizobaki bila maelezo. Aliniuliza gari hufanya nini likiwa limeegeshwa. Nikasema halifanyi kitu, huwa nasomea ndani.

"Umezima?"

"Hapana, Mwalimu. Na kiyoyozi."

Akaweka chaki chini. "Wewe binti ukilala, huhemi? Kilomita kwa lita ni hesabu ya gari linalotembea. Likisimama linanguruma, kilomita haziongezeki, lakini lita zinaendelea kuondoka. Injini kama hiyo na kiyoyozi chake, weka lita moja kasoro kidogo kwa saa."

Saa nne. Nilizidisha kichwani hapo hapo nilipokuwa nimesimama, na nikaomba ruhusa ya kutoka.

Jana Bibi alipokuwa kwenye mashine, nilimtafuta kaka Sila kule wanakochezea drafti. Nilikuwa nimejiandalia maneno, lakini yalipotea. Alinitazama akacheka kidogo. "Profesa! Leo umeshuka kuja kwa watu wa kawaida?"

Nikamwambia ni mimi. Nikamwonyesha daftari. Hakulishika.

"Nilijua," akasema. "Eva, mimi ni dereva. Mshale wa mafuta nauangalia nikiondoka, nauangalia nikirudi."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba Anko, lita zako zimemalizwa na mtoto wa darasani? Wangekutoa kwenye gari, ungeenda kusomea wapi, kwenye cheche za yule mchomeleaji?" Akasogeza kete yake. "Nilidhani Anko ataniuliza. Nilikuwa nangoja tu aniulize."

Mzee aliyekuwa anacheza naye akasema, "Wewe cheza, acha kuhubiri," na kaka Sila akacheza. Akafungwa. Mimi nilirudi kwenye benchi nikakaa karibu na Baba, ambaye alikuwa amelala mdomo wazi, na sikumwamsha.

Sina nia ya kukuhukumu, Baba mkubwa. Wewe ndiye uliyemnunulia Bibi gari wakati wengine wetu tulikuwa tunatoa pole. Uko mbali, na ulichokuwa nacho ni namba. Mimi nilikuwa ndani ya gari lenyewe na bado sikuona.

Tangu sasa sitakaa humo injini ikiwaka. Wamenionyesha chumba kidogo nyuma ya kanisa ambacho Jumamosi hakina watu. Na kwa wiki naona lita kumi na tatu zinatosha, kukiwa na nafasi ndogo ya foleni. Kaka Sila ataandika kwenye daftari langu, nami nitakutumia.

Kuna mawili ninayokuomba. La kwanza, Jumatano funguo ziwe kwa kaka Sila. Bibi ameapa tena kwamba hatoki ndani, na safari hii simwoni akibadilika, na nesi amesema asiruke siku nyingine.

La pili ni gumu kwangu. Ulipomwita kaka Sila mwizi, ulimwita kwenye kundi lenye watu thelathini na mmoja. Ukimpigia simu peke yake kumwambia yameisha, wale thelathini wengine watabaki na walichokisoma. Naomba uandike pale pale. Usiandike "kulikuwa na makosa ya mahesabu", kwa sababu hakuna atakayejua makosa ni ya nani, na watamfikiria yeye. Andika ni mimi. Andika jina langu kamili na andika lita tatu na nusu. Nimeshamwambia Mama kwamba siku hiyo wataniuliza maswali, na kwamba nitamjibu kila mmoja.

Nisalimie sana Mama mkubwa Priska, umwambie kitenge kilifika na Mama amekivaa kanisani mara mbili. Nisalimie dada Lea na kaka Filipo. Baba, Mama na Anitha wanakusalimu. Bibi pia anakusalimu. Nilimuuliza jana kama ana neno la kukuletea, akasema, "Mwambie mwanangu namwombea mgongo upone, aje aketi na huyu kijana gari moja."

Mungu akulinde kazini na njiani, akupe usingizi mzuri, na aulainishe moyo wako unaposoma haya.

Ni mimi mwanao, nikupendaye na kukuheshimu,

Evarista