Mche wa Seremala

Baba mpendwa,

Pokea shikamoo zangu mapema, maana ukifika chini ya barua huenda usitake kuziitikia. Goti lako linasemaje? Dada anasema unafika mlangoni bila fimbo, ila akikutazama ndipo unachechemea. Huku kwetu wazima. Mimi nimeota kitambi. Mama watoto anasema ndicho kitu pekee nilichowahi kukuza kikakua.

Tangu uhamie kwa dada, bustani yako chini ya ile miti mikubwa naitunza kama ulivyoagiza: majani makavu siyafagii, nayaacha yafunike mizizi. Kichaka chako cha njugu mwitu, zile zinazozaa matawini, sasa kinanipita kimo. Mwaka huu kilichanua mpaka nikajigamba mtaa mzima. Njugu haikutoka hata moja.

Nikamwita bwana misitu. Alikizunguka, akasema kichaka hakina kosa, kina upweke. Hakijichavushi, kinataka mwenzake wa mbegu nyingine karibu, upepo ulete chavua. Akauliza kama hakikuwahi kuwa na mwenzake. Nikajibu kilikuwepo, kikaliwa na mbuzi wa jirani.

Jirani mwenyewe, seremala, alikuwa nyuma ya ua akipiga randa. Randa ikanyamaza. Jioni alikuja na mche ndani ya ndoo, kaung'oa pembeni mwa kichaka chake cha shamba la mbali. Akanisihi nisikuambie ulikotoka, usije ukaagiza utupwe.

Baba, mikono ilikataa kuupokea. Mbuzi wake hawakula kitu. Ni mimi. Siku ile uliyonituma kufyeka magugu, nilipitisha panga kwenye kile kichaka cha pili kabla ya kuangalia, kisha nikatupa matawi upande wa zizi lake. Uliporudi ukawashuku mbuzi, nikanyamaza, mtu mzima mwenye watoto watatu. Miaka sita hamsalimiani, na mimi nanywa chai kwenu wote wawili.

Seremala nimemwambia yote. Nilitamani anitukane, yeye akaiweka ndoo chini. Kisha akasema, "Muulize baba yako atakuja lini kuushika mche nikifukia. Peke yangu siupandi."

Shimo nimelichimba. Mche uko kivulini, naumwagilia kila asubuhi, lakini ndoo imeshaanza kuubana. Jumamosi nitakuja na gari. Ukiona vibaya kukaa karibu nami, nitakaa nyuma, dada aendeshe.

Wape salamu wote hapo, na dada asikusomee kwa sauti mbele ya wajukuu.

Ni mimi mwanao,
mfyeka magugu