Ubao wa Duka la Sabuni

Muscat, 4 Machi 1995

Mpwa wangu Raudha,
Leo natimiza miaka ishirini na minne nje ya Dar. Hali yangu si mbaya, ni goti tu. Nimefurahi kusikia umefungua duka la sabuni katika nyumba yetu ya Mtoni. Likisimama, nitarudi tuliendeshe pamoja. Sina tumaini jingine. Lakini sabuni za nje zimejaa. Wateja unawapataje?
Mjomba wako, Badru

Mtoni, 2 Aprili 1995

Shikamoo mjomba. Sie wazima, pole na goti.
Nimetundika ubao mlangoni, na chaki. Mteja anaandika lake, nami najibu hapohapo, kila mtu asome. Juzi mmoja kaandika: “Sabuni yako inababua mikono, au unataka tuwe wazungu?” Nikajibu: “Pole, nilipoipika dawa ilizidi. Leta kipande nikubadilishie.” Mjomba, walicheka, na siku ile wakaja wapya saba! Sasa wanapita kusoma kabla ya kwenda sokoni. Chumba chako nimeshakipaka chokaa.
Mpwa wako, Raudha

Muscat, 20 Aprili 1995

Raudha mwanangu,
Mimi mzima, nanyi natumaini hivyo. Ubao wako umenitia hofu. Nimeuza sabuni miaka kumi, mtaa kwa mtaa, na sikuwahi kumpa mteja chaki. Futa lawama zote. Nimekuandalia sifa sita, nimezitia majina ya watu wa Mtoni ninaowakumbuka. Zinakili kama zilivyo. Ya kwanza: “Kanga zangu zimekuwa mpya tena. Mauwa binti Hija.”
Mjomba wako, Badru

Mtoni, 30 Julai 1995

Shikamoo mjomba. Nisamehe kimya, hatuumwi.
Nilifuta, nikaandika ulivyoagiza. Mie nimekulia Bunju, wazee wale siwajui. Kesho yake akaja Salumu, fundi baiskeli wa jirani. Akasoma mara mbili.
“Dada, mama kanunua sabuni kwako lini?”
“Mama yako nani?”
“Mauwa binti Hija. Tulimzika mwaka themanini na mbili.”
Mlango ulikuwa umejaa watu. Mmoja akasema, “Kumbe hata zile lawama alikuwa anajiandikia mwenyewe!” Salumu hakugomba. Alifuta jina la mamake kwa kiganja, akaondoka.
Nilikwenda kwao kuomba radhi, wakanipa chai. Nikaandika ubaoni kwamba nimekosa. Wiki kumi sasa, hakuna aliyegusa chaki, na wanaonunua ni wapita njia. Nimefunga, narudi Bunju. Mama amepangisha nyumba nzima, hata chumba chako.
Mpwa wako, Raudha

Muscat, 15 Desemba 1995

Raudha mwanangu,
Natumaini u mzima, na dada yangu pia.
Sikujua kwamba Mauwa amekufa. Katika wale sita, sijui ni wangapi wako hai, na sitaki kuuliza. Watu wa Mtoni walikuwa wanazungumza nawe, na mimi nikakuamuru uwafute. Mpe Salumu pole yangu, najua imechelewa miaka kumi na mitatu.
Nyumba waachieni wapangaji. Mimi sirudi.
Mjomba wako, Badru