Picha Uliyomtumia Mama

Izigo, Muleba,
Mkoa wa Ziwa Magharibi,
27 Desemba 1974.

Mpendwa mdogo wangu Projestus,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Dar es Salaam, habari za joto, habari za kazi? Mkeo Zabibu hajambo? Na Kemilembe wetu, ameshaanza kutembea? Sisi huku tu wazima kwa namna yetu. Mimi kifua kinanibana wakati huu wa mvua, lakini kulima nalima. Mama anakula vizuri, na ulimi wake haujapungua makali.

Kahawa si mbaya. Upepo umeangusha migomba ya upande wa chini wa kibanja, na sukari hatujaiona tangu mwezi wa kumi. Senene walikuja wengi mwaka huu, nami nimekukaangia kopo zima. Ta Karugendo, mzee wetu aliyetoka huko kuja Noeli, atakuletea pamoja na barua hii akirudi. Hasira yangu haijafika kwenye chakula.

Ndiyo, nimekasirika, na sitakuficha.

Karugendo alitufikishia kifurushi chako mkesha wa Noeli. Tulikuwa tumetandika majani mabichi sakafuni kama ilivyo desturi, na Mama alikuwa amekaa karibu na mlango tangu mchana. Siku hizi huwatambua watu kwa nyayo zao juu ya majani. Kila mtu alipoingia, Mama aliniuliza, "Ni yeye?" Nilipomwambia ni Karugendo, na kwamba ameleta kifurushi chako, akaniambia nifungue.

Nikatoa picha yako. Picha kubwa, ya fremu na kioo. Umekaa kitini, umenenepa, una kalamu mbili mfukoni.

Projestus, Mama haoni! Huu ni mwaka wa pili. Nilikuandikia macho yake yalipoanza kuingia ukungu. Nilikuandikia tuliporudi kutoka hospitali, waliposema hakuna dawa. Nilikuandikia alipoungua mkono akipapasa chungu. Ukajibu, poleni sana, Mungu yupo. Sasa unamtumia picha. Aliishika ile fremu, akapitisha vidole juu ya kioo, kutoka juu mpaka chini, akauliza, "Mbona ni baridi?" Hebu niambie, wewe msomi wetu, ningemjibu nini.

Umeandika kwamba hukupata likizo kwa sababu ya operesheni ya vijiji. Operesheni tunaijua, wala hatuhitaji kuelezwa. Tumewaona watu wakipita hapa na milango ya nyumba zao vichwani. Mwezi uliopita jirani yetu Buberwa alikusikia redioni ukisema kwamba ujamaa ni undugu, na kwamba si vizuri mtu kuishi peke yake mbali na wenzake. Akaja mbio kutuambia. Mama alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Basi wamhamishe na yeye."

Nilikuwa nakusanya makaratasi ya kifurushi nikawashie moto, nikaona kuna kitu laini kimekunjwa chini. Gauni la mtoto, limechakaa, lina doa la uji kifuani. Nikadhani limeingia kwa bahati mbaya. Karugendo ndiye aliyekumbuka. Alisema mkeo alimkimbilia hadi kituo cha basi kumpa maneno haya: "Mwambie wifi yangu gauni sijalifua, nimefanya makusudi. Mama alinuse."

Nikampa Mama. Alijifunika nalo usoni, akakaa hivyo muda mrefu hata nikaogopa. Alipolitoa alisema, "Huyu wanampaka mafuta ya nazi." Kisha akalia, nami nikalia, na Karugendo akatoka nje kutazama mvua.

Watu wa hapa walisema mengi ulipomwoa Mwislamu wa Tanga. Siku hizi sitaki kuyasikia. Yeye hana Noeli, na Noeli ya nyumba hii imetoka mkononi mwake. Kama unashangaa kwa nini sikukuandikia Kihaya, ni kwa ajili yake. Nimeshajua nani husoma barua zangu katika nyumba yenu.

Asubuhi ya Noeli nilimwongoza Mama kanisani, gauni amelificha ndani ya kitenge chake. Padri alihubiri kwamba Mungu alikuwa na manabii wa kutosha kumpelekea salamu zake, na angeweza kuendelea kutuma salamu hadi leo. Lakini akaona salamu hazitoshi, akaja mwenyewe, akawa mtoto wa kushikwa, wa kunyonyeshwa, wa kufutwa kamasi. Mama akanifinya mkono.

Miaka yote nimeimba Noeli nikidhani ni nyama na nguo mpya. Mwaka huu nimeielewa, na imenichoma. Mungu ana kazi nyingi kuliko ofisi yenu yote, hata hivyo alipata nafasi ya kulala penye mavi ya ng'ombe ili mama mmoja amguse. Wewe umeshindwa kupanda basi na meli.

Sikuombi fedha, wala blanketi, wala picha nyingine. Njoo. Kama kweli hawakuruhusu, Zabibu aje na mtoto, nami nitateremka Bukoba mwenyewe kuwapokea bandarini. Nitampikia kuku aliyechinjwa na Mwislamu mwenzake, asiwe na wasiwasi.

Wanakusalimu Buberwa na watu wa nyumbani kwake, Rweyemamu mwana wa baba mkubwa, na mama mdogo Kokwijuka, ambaye bado anadai ulimwahidi mwavuli. Nami namwomba Mungu awatunze ninyi watatu, awape afya, na akulainishe moyo wewe peke yako.

Nilikuwa nimeshamaliza, lakini Mama yuko hapa pembeni anasema sijaandika maneno yake. Naandika kama anavyosema:

"Mwambie nikifa watampa ruhusa ofisini. Watampa na nauli. Siku hizo aziombe sasa. Akija kunizika, mimi sitamjua aliyekuja."

Ni mimi dada yako, ninayekukasirikia kwa kuwa nakupenda,

Georgina