Mhojiwa wa Kumi na Tisa

Chumba cha juu, nyuma ya kiwanda cha matofali
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limetulia tangu walipokutoa kwenye mashine za kufulia wakakuweka mezani kukunja mashuka. Mashuka ya hospitali hayaishi, lakini magoti ni mawili tu. Baba Mkubwa naye hajambo? Sisi huku tu wazima. Baba bado anatengeneza saa za watu, na bado yeye mwenyewe huchelewa kula.

Mama ni mzima wa mwili. Ya moyoni ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Unajua kwamba anasomea shahada ya uzamivu huku akiendelea kufundisha. Utafiti wake unahusu wasichana walioacha shule ilhali walikuwa na akili nzuri. Amewafuata kwenye vyerehani, sokoni, mmoja hata kwenye kibanda cha tiketi, akawasikiliza na kuandika. Ambalo si wengi wanalijua ni kwamba anaandika na riwaya pia. Zote mbili huziandika kwa mkono, nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani, kwenye meza tunayolia chakula. Baba hutania kwamba alioa mke mmoja, sasa anaishi na wake wenza, na huyu wa pili ni wa karatasi. Mimi ndiye ninayechapa kazi hizo, ndiyo maana ananiita Karani.

Niliwahi kumuuliza Mama kwa nini asimalize kimoja kwanza. Akasema watu wetu wanajua sana kuwapigia makofi waliofika, lakini waliobaki njiani hawana hata orodha yao. Utafiti unamsaidia kuiandika hiyo orodha. Riwaya inampa nafasi ya kukaa na mmoja wao mpaka amjue.

Sasa nikueleze kosa langu. Nilipokuwa nachapa sura ya nne ya utafiti, nilikuta karatasi sita zisizo na kichwa. Zilianza hivi: "Mwaka ule nilikuwa wa kwanza darasani." Nikadhani ni mahojiano yaliyosahaulika. Mama huwaita wahojiwa wake kwa namba, na walikuwa kumi na wanane, basi huyu nikamwita wa kumi na tisa. Tena nikarudi nyuma na kila palipoandikwa "kumi na wanane" nikasahihisha. Nilijiona hodari kweli.

Mama alipeleka sura ile bila kuipitia tena, kwa sababu ilikuwa wiki ya mitihani. Iliporudi, msimamizi wake, mzee asiyesifu ovyo, alikuwa ameandika pembeni: "Sauti hii ndiyo tasnifu yenyewe." Mama alisoma akiwa bado amesimama mlangoni, kiatu kimoja mkononi. Kumbe zile zilikuwa karatasi za riwaya.

Nililia sana. Hakunigombeza. Alisema, "Lako ni kosa la mwanafunzi. Nikinyamaza, langu litakuwa la mwalimu."

Shuleni kwake, mwalimu wa hesabu alimshauri aache ibaki, maana wawe kumi na wanane au kumi na tisa, nani atahesabu? Mama akamjibu kwamba maneno hayo kutoka kwa mwalimu wa hesabu ni msiba. Kesho yake akaenda kwa msimamizi na kumweleza yote. Mzee akamuuliza kama mtu huyo ni wa kubuni tu. Mama akasema hapana, ni dada yake.

Ndiyo, Mama Mkubwa. Ni wewe. Ni habari ya mwaka ule Bibi alipolala kitandani asiweze kujigeuza, mmoja wenu akalazimika kubaki nyumbani, na aliyebaki hakuwa yeye.

Msimamizi amesema hakuna ruhusa ya kumsemea mtu katika utafiti. Ama karatasi zile zitoke, ama mwenyewe aulizwe, akubali, aseme kwa kinywa chake. Muda ni hadi mwisho wa mwezi ujao. Mama amezitoa, na sura ya nne imebaki na pengo. Juzi nikiosha vyombo nilimsikia akimwambia Baba, "Nimewauliza watu kumi na wanane wasionijua. Huyu mmoja namwogopa."

Kwa hiyo nakuuliza mimi. Nimeziambatisha zile karatasi. Ukisema hapana, Mama atazitoa hata kwenye riwaya, na wala hatakulaumu. Ukikubali, tafadhali tazama ukurasa wa nne, pale unapomkabidhi kisanduku chako cha bikari na rula asubuhi ya siku yake ya kwanza ya sekondari. Mama ameandika kwamba ulitabasamu. Nilimuuliza kama ni kweli. Akasema hajui. Alikuwa anatazama kisanduku, hakutazama uso wako.

Nimechapa upya nikiacha ukingo mpana kila ukurasa, ili upate pa kuandika.

Nilitaka kuituma barua hii kimyakimya, lakini Karani hajui kuficha jambo. Mama amenikuta nikiandika anwani yako. Amesimama nyuma yangu, akaisoma. Kisha ameleta kalamu yake nyekundu ya kusahihishia, ile ambayo hamwazimi mtu hata awe mkuu wa shule, akaitia ndani ya bahasha.

Msalimie sana Baba Mkubwa, na dada yangu mkunga, na mtoto wake ambaye bado sijambeba. Mungu akupe usingizi mzuri na goti lisilolalamika.

Ni mimi mwanao, nikupendaye na kukungoja,
Karani