Mulonde Imeletwa Joubert Park

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Bosi wangu, Riaan, ameniita ofisini kwake asubuhi, hata koti sijavua. Bima imetukataza tusiende Kongo. Barabara mbovu, usalama mdogo. Basi! Safari ya kijijini Mulonde imefutwa. Lakini ripoti haijafutwa — wenye mradi wanaitaka mwezi huu huu, waombee leseni ya bwawa la umeme.

Sisi ndio washauri huru. Huru! Anayetaka kujenga bwawa ndiye anayetulipa tuseme kama bwawa lina madhara. Nimezoea. Mwenzangu wa sura ya samaki kamaliza. Wa ndege kamaliza kwa picha za setilaiti, Mungu anajua aliwaonaje. Imebaki sura yangu: maoni ya wananchi. Nimemuuliza Riaan nitayapataje bila kuwaona hao wananchi. Kasema atafikiria. Riaan akifikiria, anayeumia ni mimi.

Jumatano, 3 Septemba

Amefikiria. Joubert Park kumejaa Wakongo, anasema, na wewe unaongea Kiswahili. Niwatafute waliotoka Mulonde, tuwafanyie mkutano hapa hapa Johannesburg, kisha tuandike kwamba jamii imeshauriwa.

Nilidhani anatania. Nimemweleza kwamba mimi ni wa Tanga, na Mkongo anayeishi ghorofa ya tano hapa mjini hatahamishwa na maji ya mto Lushiba. Kanijibu kwamba sheria inataka watu wa Mulonde washauriwe, haisemi washauriwe wapi. Nikabaki mdomo wazi. Nikakumbuka kibali changu cha kazi, nikaufunga.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimempata mmoja. Héritière, msusi, ana kiti chake kwenye saluni karibu na Park Station. Kazaliwa Mulonde, mama yake bado anaishi huko. Nilipotaja mkutano wa mto wa kwao alifurahi hata akaacha kichwa cha mteja nusu. Alidhani kijiji kinaletewa umeme. Umeme utakwenda mgodini, lakini saluni ilijaa watu na sikumsahihisha. Nimerudi nyumbani najichukia.

Jumamosi, 6 Septemba

Siku gani hii!

Ukumbi wa kanisa ulijaa. Wa Mulonde hasa wa kuhesabu kwa vidole. Waliobaki walisikia kuna kuku na chipsi. Mmoja ni wa Kinshasa, Kiswahili hajui hata salamu. Mzee Ignace, mlinzi wa duka moja Turffontein, alijichagua mwenyekiti, akafungua kwa sala ndefu, kisha akatangaza kwamba aliondoka Mulonde akiwa kijana na hajui hata nani yuko hai. Riaan alikaa nyuma na kamera. Kila mkono ukiinuka, picha. Ignace akajikuna kisogo — picha!

Kisha nikabandika ramani, ile yenye rangi ya buluu mahali maji yatakapojaa. Héritière akaja mbele, akaweka kidole katikati ya buluu.

"Mama yangu anaikala hapa," alisema. "Yeye, nani alimuuliza?"

Akatoa simu, akampigia mama yake pale pale, kwa spika, watu wote tunasikia. Mama Thérèse hajui habari ya bwawa lolote. Anachojua, walipita vijana wakapaka alama nyekundu kwenye milango, wakasema wanahesabu vyandarua.

Riaan haelewi Kiswahili. Akaniuliza huyo mama anasemaje. Nilimtafsiria neno kwa neno, naye akaacha kupiga picha.

Jumapili, 7 Septemba

Kanipigia nikiwa nafua. Wenye mradi wamemjia juu: Mulonde nzima imejua, watu wamejaa kwa chifu wanauliza maswali. Nani aliwaambia?

Yaani tumefanya mkutano wa kuwajulisha wananchi, na kosa letu ni kwamba wananchi wamejulishwa! Nimemwambia hivyo hivyo. Kasema nisiwe mkali. Kesho niandike tu kwamba jamii ilishauriwa, haikuwa na pingamizi kubwa, niweke jina langu. Picha zipo.

Nilikasirika mpaka nikafua shati moja mara mbili.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimekuta sura iko mezani kwangu, Riaan kaiandika mwenyewe. Ndani kuna picha ya Mzee Ignace akijikuna. Chini yake: mkazi akiunga mkono mradi. Eish! Limebaki jina langu tu. Wenye mradi wataingia kwenye kikao cha video saa nane.

Nilikuwa nimeshika kalamu Héritière alipopiga. Watu wa Mulonde wamepanda kilimani penye mtandao mzuri. Wamechanga vocha, wamepanga foleni. Wamesikia Johannesburg kuna dada anaandika maoni ya watu wa mto, nao wamekuja kutoa yao.

"Usikate, dada Mayasa," aliniambia. "Nakuunganisha na mama."

Nimejifungia chooni na daftari hili, ndilo lililokuwa mkobani. Naandika kama wanavyosema. Wa kwanza Mama Thérèse. Shamba lake la mihogo liko pale mto unapokata kona. Amezika watoto wake wawili hapo. Hataki kuhama. Na kama ni lazima ahame, aambiwe anakwenda wapi, na amwone kwa macho yake huyo anayemhamisha. Alitaka nimsomee nilichoandika. Nimemsomea. Akasema ni sawa, akampisha mwenzake.

Riaan anagonga mlango. Wenye mradi wako hewani, wananisubiri. Nimemjibu kwamba niko mkutanoni.

Wa pili ni mzee mmoja, sauti inakatikakatika. Jina lake atanipa baadaye, anasema. Kwanza anataka kujua mimi nalipwa na nani.